Maulidi ya Kiangazi Katika Nchi ya Nyangwe na Kasongo

Maulidi, yaani kisomo cha habari za kuzaliwa kwa Mtume Muhammad pamoja na karamu, dua na ziara zinazofuatana nacho, ndiyo sikukuu inayodhihirisha kuliko nyingine yoyote namna Waislamu wa kusini mwa Maniema, mashariki mwa Kongo, wanavyoishi pamoja. Idi mbili zina daraja kubwa zaidi katika sheria ya dini, lakini siku ya Idi watu huswali kwao na kula kwao, ilhali maulidi haikamiliki mpaka wageni wafike. Nchi inayozungumziwa hapa ni ile iliyo kati ya mto Lualaba, ambao ndio Kongo ya juu, na milima inayoelekea Ziwa Tanganyika: Nyangwe iko kwenye ukingo wa mashariki wa mto, Kasongo iko kusini-mashariki yake, na Kabambare iko kwenye njia kongwe ya kwenda ziwani. Katika vijiji vya eneo hili sikukuu hiyo hufanya kazi tatu kwa wakati mmoja, kwani ni ibada, ni mkutano wa koo zilizotawanyika, na ni siku ya kuyazuru makaburi ya waliotangulia.

Tarehe yake hufuata mwezi mwandamo. Mtume alizaliwa, kwa kauli iliyo mashuhuri, tarehe 12 ya mwezi ambao Waarabu huuita Rabiul-Awwal na Waswahili huuita Mfungo Sita, kwa kuwa ni wa sita kuhesabiwa tangu kumalizika kwa Ramadhani. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja, na kwa hiyo maulidi hurudi nyuma kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa muda wa miaka thelathini na mitatu hivi. Katika miaka hii inaingia kiangazi: mwaka 2025 ilikuwa mwanzoni mwa Septemba, mwaka 2026 inafika mwishoni mwa Agosti, na kuelekea mwaka 2030 itakuwa Julai. Kusini mwa Maniema kiangazi ni Juni hadi Agosti, wakati Lualaba imepungua, mchanga umejitokeza kando ya maji, na njia ambazo masika huzigeuza tope zinapitika kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki. Wanaoandaa sikukuu wanaijua vizuri neema hiyo ya majira, kwani maulidi ya masika hufikiwa na wa karibu tu, lakini ya kiangazi humleta hata mjomba aliyehamia mbali.

Ili kuielewa sikukuu hii ni lazima kwanza kuielewa Nyangwe, na historia yake ni nzito. Mji huo ulianzishwa katika miaka ya 1860 na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka pwani kwa njia ya Tabora na Ujiji, wakifuata pembe za ndovu na watumwa. David Livingstone alifika hapo mwishoni mwa Machi 1871 akakuta soko kubwa, ambalo wanawake wa pande zote mbili za mto walilijia kwa mitumbwi wakiwa na samaki, muhogo, mafuta, vyungu na kuku. Tarehe 15 Julai mwaka huohuo, yaani katikati ya kiangazi, watu wa mfanyabiashara mmoja walifyatua bunduki sokoni. Wauzaji wakakimbilia mtoni, mitumbwi ikajaa na kupinduka, wengi wakauawa kwa risasi au wakafa maji. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria kwamba waliokufa walikuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliondoka Nyangwe kwa uchungu na kurudi Ujiji, na taarifa yake ilisomwa kote Uingereza na kuwapa nguvu wapinzani wa biashara ya watumwa. Habari hiyo haina budi kutajwa katika maelezo yoyote ya dini na desturi za Nyangwe, maana jamii inayosoma maulidi leo imetokana, kwa sehemu kubwa sana, na watu wa mto na wa misitu walioonja dhiki hiyo, wala si na wageni waliokuja na bunduki peke yao.

Katika miaka ya 1870 mfanyabiashara Hamed bin Muhammed el-Murjebi, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Kasongo ya wakati huo haikuwa mahali ulipo mji wa sasa. Ilikuwa pale panapoitwa leo Tongoni, yaani penye mahame. Watu wake walipanda mpunga, miwa, miembe na milimau, walijenga nyumba za udongo zenye baraza na milango ya kuchongwa kwa mtindo wa pwani, na walifundisha Kurani. Vita kati yao na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji viliuvunja utawala huo: jeshi la dola hiyo, likiongozwa na Dhanis, liliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893 na Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo. Sefu, mwana wa Tippu Tip, aliuawa kabla ya mwaka kwisha, na Tippu Tip mwenyewe, aliyekuwa amekwisha kurudi Unguja, alifia huko mwaka 1905.

Mabwana walikwenda zao au waliuawa, lakini dini ilibaki, na jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini. Waliobaki ni Waungwana, jina walilojiita watu wa msafara na wa mjini waliokuwa wamesilimu, wakavaa kanzu na kusema Kiswahili, hata kama kwa nasaba walikuwa Wagenya, Wakusu, Wazimba au Wabangubangu, na hata kama wengi wao walikuwa wameingia mjini wakiwa mateka. Wabelgiji waliwaita *arabisés*, yaani walioiga Uarabu, jina lisilowatendea haki, kwa sababu lilidokeza kwamba dini yao ni vazi la kuazima. Kiswahili chao, kinachoitwa Kingwana, kilienea mpaka kikawa lugha ya mashariki yote ya Kongo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hadi leo. Dini waliyoikuta mikononi mwa waliowatawala waliichukua, wakauondoa ndani yake unyonge wa asili yao, wakawarithisha watoto wao kama mali yao halali, na maulidi ndiyo mahali ambapo urithi huo huonekana kwa macho.

Katika miaka ya 1920 uliingia kutoka upande wa Tanganyika mkondo mpya ulioipa sikukuu hiyo sura mpya, nao ni tarika ya Kadiria. Tarika ni njia ya malezi ya kiroho inayomfunga mfuasi, aitwaye murid, kwa shehe wake, na shehe kwa shehe wake, mpaka mnyororo huo, uitwao silsila, umfikie mwanzilishi. Kwa Kadiria mwanzilishi ni Abdulkadir al-Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Katika Afrika ya Mashariki tarika hiyo ilienezwa sana na Shehe Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa Somalia mwaka 1909, na mojawapo ya nguzo zake kuu pwani alikuwa mtu wa asili ya Maniema: Yahya bin Abdallah, maarufu kwa jina la Shehe Ramiya wa Bagamoyo, aliyetekwa Kongo akiwa mtoto, akauzwa pwani, akasoma, akawa halifa, yaani kiongozi wa tarika kwa idhini ya shehe wake, mwenye murid wengi. Alifariki mwaka 1931, na Bagamoyo ikawa mji wa ziara na maulidi makubwa chini yake na chini ya mwanawe. Mtoto aliyepelekwa pwani kwa minyororo akawa shehe ambaye watu wa pwani walimbusu mkono. Kwa watu wa Kasongo na Nyangwe hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo kwamba katika tarika cheo hakifuati nasaba.

Serikali ya kikoloni iliitazama Kadiria kwa hofu, ikidhani kila mkusanyiko wa murid ni njama, ikawafuatilia walimu na kuzuia nyendo zao. Isitoshe, elimu iliachwa karibu yote mikononi mwa misioni, hivi kwamba mzazi Mwislamu alilazimika kuchagua kati ya shule na dini ya mwanawe, mpaka Waziri wa Makoloni wa Ubelgiji, Auguste Buisseret, alipoanza kufungua shule za serikali zisizo za dini baada ya mwaka 1954. Kwa zaidi ya miaka sitini, basi, jamii hii haikuwa na shule yake, gazeti lake wala kiti serikalini. Ilikuwa na chuo, yaani darasa la Kurani barazani kwa mwalimu, na ilikuwa na maulidi. Vyote viwili viliendeshwa kwa mchango wa wenyewe, na ndiyo maana havikuvunjika.

Matayarisho ya sikukuu huanza wiki kadhaa mapema. Wazee wa msikiti hukubaliana na wenzao wa vijiji jirani juu ya tarehe, kwa sababu maulidi husomwa katika Mfungo Sita wote na hata katika Mfungo Saba, na zamu hupangwa ili msomaji mwenye sauti nzuri aweze kuitwa mahali pengi na mgeni asilazimike kukosa ya huku kwa kwenda ya kule. Michango hukusanywa kwa fedha, kwa mchele, kwa mbuzi, kwa kuku, kwa dumu la mawese. Wanaume hukarabati uwanja wa msikiti na kufunga turubai au kuezeka kibanda cha makuti ya michikichi. Misikiti mingi ya vijijini ni ya tofali mbichi au ya miti na udongo, na kiangazi ndio wakati wa kuikandika upya kabla mvua hazijarudi. Kazi ya jikoni ni ya wanawake, na bila wao hakuna maulidi hata kama wasomaji wote wa Maniema wangekusanyika. Mchele hupepetwa na kuchaguliwa mawe siku moja kabla, vitunguu hukatwa kwa pamoja, sombe, yaani majani ya muhogo yaliyotwangwa, hupikwa kwa saa nyingi juu ya mafiga makubwa, na mama mwenye umri ndiye anayegawa kazi na kuamua ni sinia ngapi zitakwenda kwa wanaume, ngapi kwa wageni wa mbali, na ngapi kwa majirani Wakristo, ambao hualikwa pia.

Asubuhi ya siku yenyewe, au jioni yake kabla ya kisomo, hufanyika ziara ya makaburi. Makaburi hufagiliwa, majani hung'olewa, na watu husimama na kuwasalimu waliolala hapo kwa salamu ileile wanayopewa walio hai. Husomwa Yasini na Fatiha, ubani hufukizwa, na majina ya walimu hutajwa mmoja mmoja kwa mfuatano wa waliofundishana, mpaka vijana waliosimama nyuma wayasikie mara nyingi kiasi cha kuyahifadhi. Wapo wanaosema kwamba heshima hiyo ina mizizi ya zamani kuliko Uislamu, katika desturi za watu wa mto na wa msitu za kuwakumbuka wahenga, na hakuna haja ya kulikanusha hilo wala kulionea haya. Dini inapoingia katika nchi huwakuta watu wenye makaburi tayari.

Usiku ndio kisomo. Kitabu kinachosomwa zaidi ni Barzanji, kilichotungwa Madina katika karne ya 18 na Jaafar bin Hasan al-Barzanji, kwa nathari ya Kiarabu yenye vina, iliyogawanywa katika milango mifupi. Kitabu huwekwa juu ya mto uliofunikwa kitambaa cheupe, na wasomaji hupokezana: mwalimu mkuu hufungua, kisha hufuata walimu wageni kwa heshima ya umri na ya umbali wa safari, kisha wanachuo, ambao baadhi yao bado ni watoto wenye kofia zinazowafunika mpaka masikioni. Kila mlango unapokwisha mkutano wote huitikia kwa kumsalia Mtume, na upande wa wanawake, ulio nyuma ya pazia au uani, huitikia kwa sauti iliyo ya juu zaidi. Chetezo chenye udi hupitishwa, kila mtu huvuta moshi kwa viganja na kuupeleka kifuani. Mrashi, yaani chupa ndefu ya marashi, hukifuata chetezo nyuma yake. Msomaji anapofika mahali panaposimulia kuzaliwa kwenyewe, watu wote husimama kwa pamoja. Hicho ndicho kiyamu, na kwa muda huo dufu hupigwa, kasida huimbwa, vigelegele hutoka uani, na hata mzee anayeshikwa mikono na wajukuu huinuliwa ili asibaki ameketi.

Baada ya kisomo murid wa Kadiria hufanya dhikri, yaani kumtaja Mungu kwa kurudiarudia majina yake. Husimama katika duara au kwa safu zinazotazamana, bendera ya tarika ikiwa imesimikwa karibu, halifa au naibu wake akiwa katikati. Huanza polepole kwa maneno yanayosikika vizuri, halafu miili huanza kuinama na kuinuka kwa pamoja, halafu maneno hupungua na kubaki pumzi ya kifua inayotoka na kuingia kwa mkupuo mmoja, mpaka halifa apige kofi au anyanyue mkono na wote wanyamaze. Mtazamaji aliye nje huweza kudhani ni ngoma, na maofisa wa kikoloni walidhani hivyo. Lakini nidhamu yake ni kali, kwani anayepoteza mwendo huondoka katika duara mwenyewe, na hakuna anayeruhusiwa kujionyesha. Kisha huja dua, kisha sinia, na mgeni aliyetoka Kabambare hula na kijana wa Nyangwe kwa mkono katika chombo kimoja.

Ulimwenguni kuna sikukuu nyingine za kiangazi zinazosaidia kuielewa hii, hasa zile za Japani, ambako dini ya asili iitwayo Shinto huheshimu *kami*, yaani roho tukufu za mahali, za nguvu za maumbile na za wahenga. Anayezuru hekalu la Shinto hunawa mikono na kusukutua kinywa kabla ya kusogea mbele, jambo ambalo Mwislamu aliyezoea udhu hulielewa bila kuelezwa. Katika mji wa Kyoto sikukuu ya Gion, ya hekalu la Yasaka, huadhimishwa mwezi mzima wa Julai, na asili yake ni mwaka 869, watu walipotoka kuomba wakingwe na tauni. Mfano unaofaa zaidi ni wa hekalu kuu la Ise, ambalo hubomolewa na kujengwa upya kwa mbao mpya kila baada ya miaka 20, katika kiwanja kilicho kando ya kile cha zamani, kwa vipimo vilevile na ufundi uleule. Desturi hiyo ilianza mwaka 690, na ujenzi wa mwaka 2013 ulikuwa wa sitini na mbili. Hakuna ubao wa kale pale, na bado hakuna Mjapani anayesema hekalu hilo si la kale. Hoja hiyo inaihusu sana Maniema. Mtu akienda Nyangwe kutafuta majengo ya karne ya 19 atasikitika, na akienda Tongoni atakuta miembe, mabonde ya mitaro na vigae ambavyo wanaakiolojia wameanza kuvichunguza katika miaka ya karibuni. Udongo wa kuta umerudi kuwa udongo. Ukale wa mahali hapa umo katika kitendo kinachorudiwa, katika mpangilio wa wasomaji, katika mfuatano wa majina makaburini, na katika ukuta wa msikiti unaokandikwa upya kila kiangazi na wajukuu wa waliouanza.

Maulidi ina wapinzani, nao wamo ndani ya Uislamu wenyewe. Waislamu wanaofuata mwelekeo wa Ansar Sunna, ulioongezeka nguvu Kongo kama ulivyoongezeka Tanzania na Burundi, husema kwamba Mtume hakusherehekea kuzaliwa kwake, kwamba kusomea makaburi ni hatari kwa tauhidi, yaani imani ya Mungu mmoja, na kwamba yote hayo ni bidaa, yaani uzushi katika dini. Hoja yao ina elimu ndani yake na haifai kudharauliwa. Hata hivyo huwapita jambo moja: katika nchi ambayo kwa miaka mingi haikuruhusiwa kuwa na shule ya Kiislamu, ni kisomo hicho kilichomfundisha mtoto wa kijijini jina la mama yake Mtume, nasaba yake, tabia zake na huruma yake, na anayelaumu chombo hana budi kwanza kukumbuka kilichobebwa ndani yake. Vita navyo viliijeruhi sikukuu, kuanzia uasi wa mwaka 1964 hadi vita vya 1996 mpaka 2003 na makundi yenye silaha yaliyoendelea kusumbua Kabambare baadaye. Vijiji vilikimbiwa, na kuna miaka ambayo sinia hazikutandikwa. Amani ilipopatikana kidogo, shule za Kiislamu zinazoendeshwa kwa mkataba na serikali ziliongezeka Kasongo na Kindu, na kijana wa leo husoma hesabu na Kifaransa asubuhi bila kuacha chuo cha jioni.

Wamanyema, yaani watu wa asili ya Maniema, waliotawanyika nao hawajaiacha sikukuu hii. Ujiji, Tabora, mtaa wa Buyenzi wa Bujumbura na Kariakoo ya Dar es Salaam, uliko Msikiti wa Manyema, kote huko kuna familia zinazotaja asili yao ya ng'ambo ya ziwa, na kiangazi kinapokutana na Mfungo Sita baadhi ya wana wao huvuka kwenda kuyaona makaburi ya mababu.

Kuna kazi moja isiyoweza kungoja. Mfuatano wa majina yanayotajwa makaburini umo zaidi vifuani mwa wazee, na wazee wanapungua. Silsila za mahalifa wa Kasongo, Nyangwe na Kabambare, mahali walipozikwa, vijiji walivyosomesha na kasida walizozipenda zinahitaji kuandikwa kwa Kiswahili cha hapo, na wenye kufaa kuifanya kazi hiyo ni wanafunzi wa shule zile mpya, ambao wanajua kuandika na bado wana babu wa kuwauliza. Waanze na maulidi ya mwaka huu, maana njia ni kavu na wazee wote watakuwepo.